Irabu za Mista Qandil

Kwa miaka kumi na tisa nilimchapia kazi mtu niliyemchukia. Alilipa kwa wakati, alisalimia akiingia na kuaga akitoka, kwa hiyo hata kisingizio cha kumfukuza sikuwa nacho. Kila Septemba, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, alisimama mlangoni pa duka langu la fotokopi, bahasha ya kaki kwapani, akaita kwa sauti ya kumfikia muuza taamiya, bajia za maharage, wa upande wa pili wa barabara:

"Bolisi! Upo?"

Nipo. Ningekuwa wapi? Duka limepakana ukuta na sekondari ya wasichana hapa Zifta, Misri, na tangu nifiwe na mume wangu sijalifunga hata sikukuu ya Shamm an-Nasim, mji mzima unapokwenda kula samaki wa chumvi kando ya mto.

Bolisi si jina langu. Naitwa Insaf. Jina hilo la Bolisi alinipa yeye, nikiwa na miaka kumi na sita, darasani kwake, aliponisimamisha nisome sentensi ya Kiingereza yenye polisi ndani yake. Sisi Waarabu P hatukuzaliwa nayo. Midomo yetu inajua B tu, na P lazima uitafute kama sindano kwenye godoro. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye neno lile, nikasema bolisi. Mista Qandil akaweka chaki chini. "Wasichana, kaeni sawa," akasema, "bolisi amekuja kutukamata." Walicheka mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Alipoona macho yangu yamejaa machozi akaongeza, "Usilie, binti. Kwenye kuuza vitunguu hakuna P."

Kuanzia siku ile Kiingereza nilikiacha, na jina halikuniacha. Sasa nina miaka arobaini na minne. Kuna wanawake wameolewa na kupata wajukuu wanaoniita Madamu Bolisi kwa heshima zote, wakidhani ndilo jina la ukoo wa mume wangu.

Lakini nilianza kueleza habari zake, si zangu. Abdel-Bari Qandil alizaliwa kijiji cha ng'ambo ya mto, baba yake mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kamusi yake ya kwanza aliikuta kwa muuza mbegu za kukaanga, ambaye alikuwa akichana kurasa zake na kuzikunja kufungia mbegu. Alipofika mtoto Abdel-Bari, muuzaji alikwishamaliza herufi saba za mwanzo na kuanza ya nane. Mtoto akainunua iliyobaki kwa pesa za sikukuu, halafu akazunguka kijiji kizima siku tatu akiokota vifungashio vilivyotupwa chini, avikunjue, avipige pasi. Hadithi hii aliisimulia darasani kila mwaka, na kila mwaka zile siku tatu zilirefuka. Mwaka wangu zilikuwa wiki mbili.

Alioa mara moja. Mkewe, Safinaz, alivumilia miaka minne. Mista Qandil alikuwa amebandika karatasi za maneno ya Kiingereza kila mahali nyumbani: jokofu, mlango, kioo, sufuria ya mchuzi wa mulukhiya. Watu wanasema Safinaz aliondoka siku alipogundua ameshinda sokoni na karatasi mgongoni. Sijui kama ni kweli. Natamani iwe kweli.

Baada ya hapo alibaki na kitu kimoja tu, darasa la tatu la sekondari, lile la mtihani wa mwisho unaoamua nani ataingia chuo kikuu na nani atabaki kumenya viazi kwa mama yake. Walimu wenzake wote walifundisha masomo ya ziada. Mista Tamir alikodi ukumbi juu ya duka la fanicha na kutundika picha yake kubwa barabarani, amekunja mikono, chini imeandikwa Kaisari wa Kiingereza. Mista Qandil hakufundisha hata mtoto mmoja nje ya shule. Alisema mwalimu anayeuza jioni alichoficha asubuhi ni mwizi wa zamu mbili. Haki yake nampa, hapo nilikuwa upande wake, ingawa sikumwambia.

Yeye alikuwa na kijitabu chake. Masomo kumi na nane, maneno elfu moja na mia nne. Kiingereza kushoto, maana yake kwa Kiarabu kulia. Msichana ananunua kwa bei ya fotokopi tu, anakwenda nacho mpaka Juni. Darasani kwake hakuna kuitikia kwa pamoja. Alisema hiyo ni kazi ya kasuku. Unaandika neno mara ishirini, kimya. Na alikuwa na amri yake kuu: usimletee neno la shule ya msingi. Kila kitu kina neno dogo na neno kubwa, na msichana wa darasa la tatu anatumia kubwa.

Tatizo lilikuwa irabu. Nyinyi mliosoma madrasa mnajua: fataha juu, kasra chini, dhuma na kamkia kake. Magazeti hayaweki, barua haziweki, hakuna Mwarabu anayeziweka ila kwenye msahafu na vitabu vya watoto. Mista Qandil alizitaka juu ya kila neno. Kwenye kibodi kila irabu ni vitufe viwili kwa pamoja, na neno moja linaweza kuwa nazo tano. Piga hesabu mwenyewe vidole vyangu vilikuwaje kila Septemba.

"Mista, watu wazima hawa," nilimwambia mwaka wa kwanza. "Wanajua kusoma."

"Shini, aini, ra," akasema. "Soma."

"Nywele."

"Weka kasra chini ya shini."

"Ushairi."

"Sasa mimi nimeandika neno la Kiingereza la ushairi, na wewe pembeni yake umewaandikia nywele. Weka irabu, Bolisi, usifikiri. Kufikiri si kazi ya duka hili."

Ndivyo tulivyoishi. Alirudisha nakala ya kusahihisha ina duara nyekundu kama ngozi ya mgonjwa wa surua, mimi nikirekebisha huku nikimtukana kimoyomoyo, naye akitia sahihi kila ukurasa chini kulia. Bila sahihi yake hakuna kuchapa.

Mwaka jana ulikuwa wake wa mwisho. Juni angetimiza sitini na kustaafu. Mkuu wa shule, Abla Dawlat, alinieleza mwenyewe akisubiri fotokopi zake: wazazi walikuwa wanalalamika kwamba mzee amepitwa na wakati, wanamtaka kijana. "Nimemwambia wazi," Abla Dawlat akasema. "Lalamiko moja tu la maana, namtoa darasa la tatu. Aliniomba, Insaf. Yule mwanamume, akaniomba! Anataka amalizie na wasichana wake tu, basi."

Nilifurahi kusikia kwamba anajua kuomba.

Septemba ile aliingia dukani na miwani miwili, mmoja usoni na mmoja shingoni kwa kamba. Nikampa nakala. Ilikuwa siku ya vitabu, foleni ya akina mama imefika nje. Akainua karatasi mpaka ikagusa pua, akaanza kupiga kelele.

"Hii nini? Miaka kumi na tisa, na bado unaweka fataha mahali pa kasra! Tazameni, mama zangu, huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimwambia akauze vitunguu, hakusikia!"

Foleni ikacheka. Nikachungulia alipoweka kidole. Ilikuwa kasra. Ilikuwa kasra safi, chini ya herufi, mahali pake. Nikageuza ukurasa mwingine, nikamwonyesha neno lisilo na irabu hata moja, nililolisahau.

"Na hili je, Mista?"

"Hilo sawa," akasema. "Umeona? Ukitaka unaweza."

Hapo nikajua kwamba haoni. Herufi aliziona, ni kubwa. Vile vinukta na vimkia vilikuwa vimemtoka kabisa, na angekufa kabla hajamwambia mtu.

Alipoondoka nikakaa mbele ya kompyuta. Kuna amri moja tu ya kuondoa irabu zote kwenye kazi nzima, unaibonyeza na kunywa chai. Nikaibonyeza. Siku mbili baadaye akaja, akapitisha kila ukurasa puani, polepole, mpaka wa mwisho, akatia sahihi zote.

"Sasa ndiyo kazi," akasema.

Sitaki kudanganya. Ilikuwa chai tamu kuliko zote nilizowahi kunywa.

Novemba nilipeleka shuleni karatasi za majaribio. Mlango wa darasa la tatu haufungiki tangu zamani, nami nikasimama kidogo kupumzisha mikono na kuchungulia, maana niliona mkaguzi wa Kiingereza amekuja. Mkaguzi alikuwa ameketi mbele, koti refu, anasinzia. Akauliza, bila kufumbua macho, nani atamtungia sentensi kwa maneno ya somo la nne. Rudayna akanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Rudayna ni binti wa fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Mama yake alikuwa ameuza bangili zake mbili ili mtoto awe na meza ya kusomea. Alikuwa anataka ufamasia, na kwa ufamasia lazima Kiingereza kisipoteze hata alama tatu. Akasimama, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, P zote mahali pake:

"Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, naosha ushairi wangu ndani ya njiwa."

Mkaguzi akafungua macho. Darasani hakuna aliyecheka. Wasichana arobaini na watatu walikuwa wametulia, wengine wanatikisa kichwa kukubali. Jirani yake akanyoosha mkono naye:

"Na mimi, mheshimiwa, huuchana ushairi wangu kabla sijatoka ndani ya njiwa."

Mkaguzi akacheka mpaka akashika meza. "Ndani ya njiwa! Mnaingiaje, jamani? Mnavua viatu?"

Kwa Kiarabu njiwa na bafu ni herufi zilezile, ha, mimu, alifu, mimu. Weka shadda, alama ya kukaza herufi, juu ya mimu ya kwanza, unaoga. Iondoe, inaruka.

"Rudayna," Mista Qandil akasema, "umesema nini?"

"Nimetumia neno kubwa la nywele, Mista. Na neno kubwa la bafu. Ulisema tusitumie ya shule ya msingi."

"Nani amekwambia hizo ni nywele?"

"Kijitabu chako, Mista."

Akakichukua. Akakisogeza puani, akaenda nacho dirishani, akakiinamisha hivi na vile kwenye mwanga. Halafu akafanya jambo ambalo bado naliona: akapitisha ukucha juu ya mstari, taratibu, akitafuta irabu kwa kidole. Ukucha ukaenda mpaka mwisho wa ukurasa.

"Nani kachapa takataka hii?" mkaguzi akauliza, anafuta machozi.

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, nimekumbatia boksi la karatasi. Mista Qandil hakugeuka.

"Kila ukurasa una sahihi yangu," akasema. "Andika jina langu."

Miaka ishirini na minane nilisubiri kumwona anachekwa mbele ya darasa. Siku yenyewe ikafika, na yeye akaninyima hata hiyo. Nilitoka pale na hasira kuliko zote nilizowahi kuwa nazo duniani. Kama angenionyesha kwa kidole tungegombana uani, kila mtu asikie aliyonifanyia, na tungekuwa sawa. Sasa nilikuwa nimebaki na deni nisilolitaka kwa mtu nisiyemtaka.

Wiki ile ile Abla Dawlat akamtoa darasani. Walimpa funguo za stoo ya maabara, akahesabu hadubini zilizovunjika mpaka Juni. Wasichana wakapewa kijana mmoja aliyetoka chuo juzi, ambaye alikaa akitazama simu yake.

Nilingoja aje kunitukana. Nilikuwa nimekwishapanga majibu, mazuri, ya kuumiza. Hakuja. Aliyekuja ni Rudayna, kutoa fotokopi ya kitambulisho, kichwa chini. Nyuma yake wakapita wasichana wa darasa la pili wameshikana mikono.

"Njiwa! We Njiwa! Leo umeoga?"

Rudayna akaweka kitambulisho juu ya kaunta.

"Usiwajali," nikamwambia. "Watasahau."

"Wewe walisahau, Madamu Bolisi?" akaniuliza. Hakukusudia ubaya. Aliuliza kweli, alitaka kujua itachukua muda gani.

Nilimpa fotokopi yake, nikafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikuwa nimelenga mzee wa miaka hamsini na tisa, nikampiga mtoto, tena mahali palepale nilipopigwa mimi. Nilijisikia mchafu.

Kesho yake alasiri mlango ukafunguliwa, na Mista Qandil akaingia na gunia. Hakuita. Akalimwaga juu ya kaunta: vijitabu vyote arobaini na vitatu, alivyowaomba wasichana mmoja mmoja.

"Weka irabu," akasema.

"Nitachapa upya vyote. Kesho asubuhi tayari, sitaki hata pauni moja."

"Kuchapa ni kubonyeza. Ulikwisha kubonyeza. Nataka kwa mkono."

"Maneno elfu moja na mia nne mara arobaini na tatu? Una wazimu?"

"Yanayosomeka njia mbili ni mia moja na kumi na mawili. Nayajua kwa mpangilio, somo kwa somo. Mimi nataja, wewe unaweka. Leta kiti."

"Wewe si mwalimu wao tena, Mista."

"Na mtihani wao bado ni Juni. Leta kiti, Bolisi."

Nikaleta. Alasiri tisa tulikaa hivyo, kaunta katikati yetu, yeye amefumba macho anataja, mimi na kalamu ya wino mwembamba. Elimu, kasra chini ya aini, bila hiyo ni bendera. Ngazi, dhuma juu ya sini, bila hiyo ni amani. Wateja walisubiri, wengine wakaenda kwingine. Alisema chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo, akanywa glasi tatu. Nilimwambia anapumua kama printa iliyokwama. Hakuna siku tuliyoagana vizuri.

Alasiri ya sita sikuweza kuvumilia. "Pengine nilisahau tu," nikasema. "Umewahi kulifikiria hilo? Mtu ana kazi nyingi, anasahau."

"Anayesahau husahau baadhi," akasema, macho yamefumbwa. "Nimepapasa kurasa zote hizo, sikukuta hata moja. Kazi safi namna hiyo hujawahi kunifanyia maisha yako yote."

Nikajua alijua tangu pale dirishani.

Siku ya tisa tukafika somo la kumi na nane. Kijitabu cha mwisho kilikuwa cha Rudayna. Mtu alikuwa amemchorea njiwa kwenye jalada, mwenye bomba la maji mdomoni. Yalibaki maneno mawili, halafu moja. Mista Qandil akaweka glasi ya chai chini.

"Lipi?" nikauliza, ingawa nililiona. Kushoto, neno la Kiingereza la kutenda haki. Kulia, alifu, nuni, sadi, alifu, fa. Jina langu. Kwenye vijitabu arobaini na viwili vya kabla alilipita kwa kusema "la mwisho, kasra chini ya alifu", na mimi nikaweka bila neno.

"Soma," akasema.

"Soma wewe."

Akafumbua macho, yale macho yasiyoona kitu. "Insaf," akasema. Miaka ishirini na minane, mara ya kwanza. Halafu sauti yake ikarudi ilivyokuwa. "Ukiweka fataha juu, inakuwa ansaf, nusu-nusu. Usipoweka kitu, kila mtu anasoma anachotaka."

"Na wewe ulisoma nini, Mista? Siku ile ya polisi?"

Akakusanya gunia lake tupu, akalikunja mara mbili, akaliweka kwapani.

"Weka kasra, Bolisi," akasema. "Mtoto anasubiri kitabu chake."

Nikaiweka. Nilikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.